Peptidi za Wanyama na Kidonda cha Ufizi: Uhakiki wa Istilahi

Kazi ya istilahi si kupata neno tu, bali kupata neno lisilompotosha alitumiaye. Kwa kipimo hicho tumelichunguza fungu la maneno ambalo mfasiri wa habari za tiba ya meno hushawishika kuliandika: "peptidi za wanyama huponya majeraha ya nyama za meno." Tumeliona na hitilafu tatu.

Kwanza, "za wanyama". Mkazi wa Manyamanyama, huko Bunda, akisikia "dawa ya wanyama" huelewa dawa ya kutibia mifugo. Kihusishi -a hakibainishi kama kitu kimetoka kwa mnyama au kimekusudiwa mnyama. Twapendekeza "zitokanazo na", kisha mnyama mwenyewe atajwe. Hili si jambo dogo. Ipo dawa ya ufizi, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1990, ambayo protini zake hutolewa katika meno ya watoto wa nguruwe yasiyochomoza bado. Mgonjwa Mwislamu ana haki ya kulijua hilo kabla hajakubali kutibiwa. Kolajeni nayo hupatikana katika ngozi ya ng'ombe, na hata katika ngozi na mabondo ya sangara, samaki ambaye wavuvi wa Musoma wanamfahamu vyema. Neno "wanyama" huwaficha wote hao.

Pili, "majeraha ya nyama za meno". Neno ufizi, wingi wake fizi, tunalo. Hapana haja ya kulizunguka. Jeraha nalo hutokana na kuumizwa, ilhali ufizi waweza kuchimbika kwa maradhi. Kidonda hubeba maana zote mbili.

Tatu, "huponya". Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, yaani kipande cha protini. Zipo peptidi zinazoweza kuzichochea seli zijenge tishu, lakini kinachoponya ni mwili wenyewe. Msomaji aliyeahidiwa kuponywa aweza kuuacha mswaki na kuahirisha kumwona daktari.

Neno peptidi lenyewe twalikubali, mradi lifafanuliwe linapotajwa mara ya kwanza. Basi fungu lisomeke: "peptidi zitokanazo na ng'ombe hutumiwa kusaidia kidonda cha ufizi kupona." Limerefuka kidogo. Lakini kwa mgonjwa ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, baada ya Kijita, Kiikizu au Kikurya, urefu huo ndio utakaomwezesha kujua anatia saini kukubali nini.