Besi Imepanda Milima: Siku Tatu za Kwanza na Yamaha TRBX174 Hapa Kingi

Imefika! Juzi saa tisa za mchana motari, dereva wa pikipiki, alisimama mbele ya nyumba, matope hadi magotini, na mgongoni kwake kulikuwa na kitu kirefu kimefungwa ndani ya kitenge na kuzungushiwa turubai. Kimetoka Goma, kimepita Sake, kimepanda milima hii yote kwa mvua na utelezi hadi hapa Kingi, Masisi, na hakina hata mkwaruzo. Watoto wa jirani walikuwa wamekwishajaa uani kabla sijafungua fundo la kwanza. Tangu saa ile nimelala kidogo sana. Ninaandika haya vidole vya mkono wa kulia vikiwa na malengelenge mawili, na ningekuwa na muda zaidi ningeongeza la tatu.

Ni gitaa la besi la nyuzi nne, Yamaha TRBX174, la rangi ya buluu nzito inayong'aa. Kundi letu limepiga miaka sita bila besi. Tulikuwa na magitaa ya solo na mi-solo, ngoma, waimbaji wanne, na kinanda ambacho mkono wake wa kushoto ulijitahidi kubeba kazi ambayo si yake. Kila tulipoingia sebene, ile sehemu ya wimbo ya kucheza, watu walicheza kwa heshima, kama wageni. Tulijua kinachokosekana. Sasa kimo humu ndani, kimelala juu ya kitanda changu, na mimi nimekaa kwenye kiti.

Nianze na mkono, kwa sababu mkono ndio ulioamua kwanza. Uzi wa besi hii, kutoka kichwani mwa shingo hadi darajani, una urefu wa sentimita 86.4, wakati gitaa la solo la kawaida lina kama 65. Nilitegemea kuteseka. Lakini shingo ni nyembamba kiasi cha kiganja kuizunguka bila kulazimisha, na ndani ya saa moja kidole cha mwisho kilikuwa kinafika kinakotakiwa kufika. Freti ni 24, maana yake kila uzi unakupa oktava mbili kamili. Mpiga rumba hahitaji kupanda huko juu mara nyingi, ila siku solo atakapokuita mzungumze, njia ipo.

Pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, ni mbili, na hapa ndipo nilipopigwa na mshangao. Ile ya mbele, iliyokatwa vipande viwili, inafuata umbo ambalo Leo Fender aliipa Precision Bass mwaka 1957, miaka sita baada ya kuitoa besi hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1951. Ile ya nyuma, karibu na daraja, ni ya ukoo wa Jazz Bass, iliyotoka mwaka 1960. Elfu moja mia tisa sitini! Mwaka ule ule kundi la African Jazz la Grand Kallé lilikuwa Brussels likirekodi "Indépendance Cha Cha", na nchi yetu ya Kongo ikapata uhuru tarehe 30 Juni. Mimi nimeshika kwa mkono mmoja kitu chenye umri wa uhuru wetu, na nikizungusha kitufe kimoja nasikia sauti ya mbele, nene, ya kubeba mzigo. Nikizungusha cha pili naisikia ile ya nyuma, kavu, inayotamka kila herufi. Kila pikapu ina kitufe chake cha sauti, na kitufe cha tatu ni cha kung'arisha au kufifisha. Basi. Hakuna kingine cha kujifunza.

Na hakuna betri ndani yake! Hilo ningependa kila mpiga muziki wa Masisi na Walikale alisikie vizuri. Besi nyingi za bei ya juu zina saketi ndani inayohitaji betri ya volti 9. Betri ikiisha katikati ya wimbo, umenyamaza. Hii ni sumaku na waya tu. Uzi unatikisika juu ya sumaku, waya unazaa umeme kidogo, kebo inaubeba. Itakuwa hivyo leo na itakuwa hivyo miaka ishirini ijayo, hata kama duka la karibu liko mwendo wa siku mbili.

Sasa njoo kwenye kisanduku. Pamoja na besi nimeleta ampli ndogo, Blackstar Fly 3 Bass. Unaweza kuibeba kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mwavuli: uzito wake ni kama kilo moja. Nguvu yake ni wati 3, spika yake ni inchi 3, na inakula betri 6 ndogo, zile za saizi ya AA. Nazichaji mchana kwa paneli ya jua iliyo juu ya bati letu, jioni naziingiza, napiga. Sitafuti jenereta, sinunui mafuta, simsubiri mtu.

Usiku wa kwanza niliiweka juu ya meza, nikaachia uzi mzito kabisa, ule wa Mi. Mama watoto alitoka jikoni akauliza nani amefika na gari. Nakuapia! Inchi tatu!

Nikajiuliza inawezekanaje, na jibu lake ni tamu. Uzi wa Mi ukiachwa wazi unatikisika mara 41 kwa sekunde. Wa La mara 55, wa Re mara 73, wa Sol mara 98. Spika ndogo hivi haiwezi kusukuma hewa vizuri kwa mwendo wa polepole wa mara 41. Lakini uzi hautoi mtikisiko mmoja tu. Ndani yake mna wa mara 82, wa mara 124, wa mara 165 na kuendelea juu, na spika hii huitoa ile ya juu. Sikio likisikia hao ndugu wote wamekaa kwa mpangilio, linamjua baba yao hata kama hayumo chumbani, na linamsikia. Kuna pia kitufe kidogo cha kuongeza uzito chini, na saketi ya kubana sauti ili noti zote ziwe na kimo kimoja. Kwa mazoezi ya nyumbani sijui kingine ningeomba.

Ila wati 3 ni wati 3, na msomaji anastahili kuambiwa. Jumamosi tulikutana kwenye darasa tunaloazima kwa mazoezi. Mvua ikaanza kupiga mabati, mpiga ngoma akakanyaga pedali mara mbili, na besi yangu ikapotea kama sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Ampli ya ukubwa huu haikuumbwa kushindana na ngoma. Lakini ina tundu la spika za masikioni, na tundu hilo hilo linatoa sauti iliyokwishapikwa, tayari kuingia kwenye mikisa. Tukachomeka kebo kwenye mikisa tuliyoazima kanisani, ile inayowashwa kwa jenereta, na kutoka kwenye bafle mbili kubwa za ukutani...

Nitafute neno gani? Sakafu iliinuka. Besi haikai sikioni. Inakaa kifuani. Nilikuwa nimewahi kuisikia hivyo mara moja tu, Februari 2014, nimesimama katikati ya umati pale Collège Mwanga mjini Goma, kwenye Festivali ya Amani ya kwanza kabisa. Nilirudi nyumbani kifua bado kinatetemeka, nikasema siku moja kitu hiki kitapanda milima kije kwetu.

Tulianza na rumba ya taratibu, Do, Fa, Sol, kurudi Fa. Nami, kwa furaha, nikajaza kila nafasi. Noti juu ya noti. Kijana wetu wa solo akasimamisha mkono: "Yaya, acha nafasi. Tuingie wapi sisi?" Alikuwa na haki, na nimekuwa nikilifikiria neno lake tangu siku hiyo. Sikiliza rekodi za TPOK Jazz ya Franco, uweke sikio chini kwa mpiga besi wake Mpudi Decca. Anapiga kidogo kuliko unavyokumbuka. Anatua, ananyamaza, anatua tena pale ambapo mguu wa mchezaji ulikuwa tayari unamsubiri. Nguvu yake iko kwenye ule ukimya, kwa sababu ndani yake mi-solo anapata pa kuzunguka na solo anapata pa kupanda.

Nikapunguza. Noti tatu badala ya nane. Nikaufunga mguu wangu na pedali ya ngoma, nikaacha pengo kabla ya Sol. Na tulipovuka kwenda sebene, darasa zima likageuka. Mama mmoja aliyekuwa anatoka shambani alitua mzigo wake wa kuni mlangoni, akasimama, mabega yakaanza peke yake. Hakuna aliyemwambia acheze. Miaka sita tulikuwa tunaomba watu wacheze.

Watakaopenda kuagiza chombo kama hiki, nawapa niliyojifunza mapema, kwa sababu hali ya hewa yetu ina sheria zake. Usiku wa Masisi ni baridi na mbichi, mchana jua linachoma, na mbao hufuata. Ndani ya shingo mna fito ya chuma ya kuinyoosha. Bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na kwenye ile ya mwisho kwa pamoja, uangalie nafasi iliyobaki katikati: ikiwa ni unene wa karatasi ngumu, umefika. Ikizidi au ikikosekana kabisa, zungusha ufunguo robo duara tu, usubiri kesho, uangalie tena. Usilazimishe. Kwa ndugu zetu wa Walikale, kule msituni kwenye joto na unyevu, adui ni kutu: futa kila uzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza, na usiache besi ikiegemea ukuta wa udongo.

Nyuzi za besi ni ghali na ziko mbali, lakini hazifi upesi kama tunavyodhani. Zikianza kutoa sauti ya mbao iliyooza, mara nyingi ni jasho na uchafu umeingia kwenye mizunguko ya waya. Zivue, zichemshe kwenye sufuria dakika kama kumi, zikaushe sawasawa, zirudishe. Zinarudi na mwanga wake. Si mwanga wa siku ya kwanza, ila unatosha kwa ibada nyingi na harusi kadhaa.

Kuhusu bei: tulipoagiza, katika maduka ya nje besi hii iliuzwa kwa dola mia mbili na kidogo, na ampli kwa chini ya mia. Ongeza usafiri, ongeza forodha, ongeza motari. Kwetu ni pesa nyingi, na hatukuipata kwa siku moja. Tuliweka kidogo kidogo, faranga za viazi, za jibini, za harusi mbili tulizopiga, hadi zikatosha.

Na kuna sababu moja ambayo haipo kwenye karatasi yoyote ya kiwandani. Sisi watu wa milima hii tumezoea kuhama ghafla. Kundi letu liliwahi kuwa na ampli kubwa, nzito, ya kubebwa na watu wawili au kusukumwa kwa chukudu, kile kigari chetu cha mbao. Siku tuliyokimbia, nani angebeba ampli wakati kuna watoto na wazee? Tuliporudi hapakuwa na ampli, hapakuwa hata na mlango wa chumba ilimokuwa. Ndiyo maana safari hii nilichagua kwa kujipima mgongo. Besi inaingia kwenye mfuko wenye kamba mbili begani. Ampli inaingia kwenye kikapu pamoja na unga na chumvi. Mikono yote miwili inabaki wazi kwa ajili ya mtoto. Muziki ambao tunaweza kuondoka nao ndio muziki tutakaorudi nao.

Rumba ya Kongo iliandikwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu Desemba 2021, na sote tulifurahi. Mwimbaji Samba Mapangala alilipa kundi lake kule Nairobi jina la Virunga, volkano hizi hizi tunazoziona mawingu yakifunguka, na Afrika Mashariki yote ikacheza. Urithi huo ni wetu pia, wa Kingi, wa Mushaki, wa kila kijiji chenye vijana watatu na gitaa moja. Lakini rumba bila besi ni nyumba iliyoezekwa kabla ya kuchimbwa msingi.

Kwa hiyo hukumu yangu baada ya siku tatu ni hii, na sitaibadilisha. Kama kundi lenu linapiga nje, kwenye uwanja, mtahitaji siku moja ampli ya wati 100 na zaidi, na jenereta ya kuilisha. Isubirini, itakuja. Kama mnaanza, au mnaanza upya, nunueni kwanza besi nzuri isiyohitaji betri, na kisanduku kidogo kinachoishi kwa jua. Kusanyeni mwaka mzima ikibidi. Mpeni yule kijana mwenye subira kuliko wote, si yule mwenye kelele. Mwambieni aache nafasi. Kisha ingieni sebene, muangalie mlangoni ni nani ametua mzigo wake.