Fred Perry Hatufai Machakos, Tumtafute Cox

Mazungumzo ya tenisi ya zamani yakianza, hata hapa Machakos, Mwingereza wa kwanza kutajwa ni Fred Perry, na wengi wanamjua kwa fulana yenye shada la majani kifuani kuliko kwa mkono wake wa kulia. Baada yake hutajwa Virginia Wade, bingwa wa Wimbledon mwaka 1977, na mwenye kumbukumbu ndefu ataongeza Ann Jones wa 1969. Mark Cox hatajwi. Kwa mpenda historia hilo si neno. Kwa kocha anayefundisha vijana juu ya udongo mwekundu, kwenye kimo cha mita 1,600 hivi, ni hasara, kwa sababu kati ya Waingereza wote wa enzi ya raketi za mbao, Cox ndiye aliyetuachia mechi inayofundishika hapa kwetu.

Nianze na Perry mwenyewe. Kabla ya kuvuma katika tenisi alikuwa bingwa wa dunia wa tenisi ya mezani, taji alilolitwaa Budapest mwaka 1929. Kutoka mezani alikuja na vitu viwili: kifundo chepesi cha mkono, na tabia ya kuupiga mpira ungali unapanda baada ya kudunda, wakati wenzake walikuwa wakiungoja ufike juu au uanze kushuka. Raketi aliishika kama fundi anavyoshika nyundo, na mshiko huo hakuubadilisha, awe anapiga kwa upande wa kulia au wa kushoto, anasevu au amesimama wavuni. Faida yake ni muda. Asiyepoteza nukta kugeuza mkono anamnyima mpinzani nukta hiyohiyo. Kwa mtindo huo alichukua Wimbledon mara tatu mfululizo, 1934, 1935 na 1936, na fainali ya mwisho ilikuwa 6-1, 6-1, 6-0 dhidi ya Gottfried von Cramm, ambaye kwa kweli siku hiyo alikuwa na maumivu ya mguu.

Wanaomwiga Perry husahau kitu kimoja: nyasi. Mpira ukigusa nyasi huteleza na kukimbia chini, aghalabu haupiti goti kwa mbali. Mshiko wa nyundo unaelekeza uso wa raketi juu kidogo, ndiyo maana unafaa kwa mpira wa chini. Mpira ukipanda hadi begani, mshiko huohuo humfunga mchezaji: mkono unakosa nguvu, raketi inafunguka, na mpira unaelea kama zawadi kwa aliye wavuni. Uso wa raketi ya mbao nao ulikuwa mdogo, kama theluthi mbili tu ya raketi za leo, kwa hiyo kuukunja mpira kwa nguvu ili uzunguke kuelekea mbele ulikuwa mchezo wa bahati nasibu. Ukikosa katikati ya nyuzi kidogo tu, umepiga ubao.

Wales, ambayo kwenye mazungumzo haya humezwa na jina la Uingereza, ilichangia zaidi ya inavyokumbukwa. Meja Walter Clopton Wingfield, aliyesajili hataza ya mchezo huu mwaka 1874, alizaliwa Ruabon. Kilichomwezesha kuutoa mchezo ndani ya kuta na kuuweka bustanini ni mpira mtupu wa raba, kwa kuwa mipira ya zamani iliyoshindiliwa vitambaa haikudunda juu ya nyasi. Tangu mwanzo, basi, tenisi imekuwa ikiamuliwa na swali moja: mpira utapanda kiasi gani?

Hapo ndipo Machakos inapoingia. Katika kimo chetu hewa imepungua uzito kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na ya pwani. Matokeo yake ni matatu na hayaendi upande mmoja. Mpira unakwenda kasi zaidi kwa kuwa hewa haiuzuii sana. Mpira uliozungushwa haupindi wala haushuki upesi kama ungefanya Mombasa, kwa sababu hewa ndiyo inayoukamata na kuushusha. Na mpira wenyewe, uliofungwa kiwandani na shinikizo la hewa ndani yake, unakutana na hewa nyepesi nje, hivyo unadunda juu zaidi. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi limeliona hilo na limeweka mpira wa aina yake kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Machakos imeupita mstari huo kwa mbali. Mipira hiyo maalumu haipatikani kila duka, na yeyote anayepanda kutoka pwani kuja kucheza huku atakwambia jinsi mipira yake ya dakika kumi za kwanza ilivyotoka nje ya mstari wa nyuma.

Juu ya hayo weka udongo. Udongo unaukamata mpira, unaupunguza mwendo na kuurusha juu. Kwa hiyo mchezaji wa hapa anapata vitu viwili vinavyovutana: angani mpira unamsaidia anayeshambulia, ukishagusa chini unamsaidia anayejilinda. Nani hushinda mvutano huo? Katika kiwango cha klabu na shule, jibu langu ni anayejilinda, maana sevu kali inayoingia mara mbili kati ya sita si silaha, na mpira unaomfikia mpokeaji kimo cha kifua ni mpira anaoweza kuurudisha.

Sasa twende Bournemouth, kusini mwa Uingereza, Aprili 1968. Mpaka mwezi huo mashindano makubwa yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa tu. Aliyekubali kulipwa alifungiwa mlango, kama Perry mwenyewe alivyofungiwa alipoingia kwenye malipo mwishoni mwa 1936. Bournemouth ilikuwa mara ya kwanza kwa pande hizo mbili kukutana katika shindano la wazi, na uwanja ulikuwa wa udongo mwekundu. Pancho Gonzales, Mmarekani aliyetawala tenisi ya kulipwa kwa miaka mingi, alipangiwa Mark Cox, kijana wa Leicester mwenye miaka 24 aliyetoka Chuo Kikuu cha Cambridge, anayecheza kwa mkono wa kushoto. Gonzales alikuwa amebakiza majuma mawili kutimiza miaka 40.

Seti ya kwanza Cox alipigwa 6-0. Ukiisoma alama hiyo peke yake utasema mchezo umekwisha. Soma zinazofuata: 6-2 kwake, 4-6, kisha 6-3, 6-3. Zimepanda kadiri mechi ilivyorefuka, na urefu ndio uliokuwa mpango, au ndio uliogeuka kuwa mpango. Wachezaji wa kulipwa walizoea kumbi za ndani, sakafu za kasi, na mechi za seti tatu. Sevu ya Gonzales iliyokuwa ikimaliza kazi kwenye mbao ilirudi kwenye udongo. Ikirudi mara moja, lazima apige tena. Ikirudi mara tatu, lazima akimbie. Kwa mtu wa karibu miaka 40, kila gemu iliyofika sare ilikuwa na bei yake, na bei hiyo ililipwa kwenye seti ya nne na ya tano.

Mkono wa kushoto uliongeza jambo. Sevu ya mchezaji wa shoto kutoka upande wa kushoto wa uwanja hupinda ikatoka nje, ikimvuta mpinzani wa mkono wa kulia mbali kwenye upande wake dhaifu. Nusu ya uwanja inabaki wazi. Si lazima sevu hiyo iwe kali, lazima iwe pana. Pointi nyingi za maamuzi, zile ambazo mmoja anabakiza moja tu kuchukua gemu, huchezwa upande huohuo, na wenye shoto hufaidika wakati ambapo faida ina thamani kubwa.

Hatua iliyofuata Cox alimng'oa Roy Emerson wa Australia 6-0, 6-1, 7-5, kabla ya Rod Laver kumsimamisha kwenye nusu fainali. Ken Rosewall alichukua taji. Upande wa wanawake alishinda Virginia Wade, na kwa kuwa alikuwa bado wa ridhaa hakuchukua pauni 300 za mshindi. Inachekesha kidogo: shindano lililofungua mlango wa fedha, na bingwa wake wa wanawake akaondoka mikono mitupu.

Katika shindano hilohilo la Bournemouth alikuwemo kijana wa Bridgend, Wales, J.P.R. Williams, ambaye miaka miwili kabla alikuwa ameshinda ubingwa wa vijana wa Uingereza uliochezwa Wimbledon kwa kumpiga David Lloyd. Machakos, mji uliokuwa ukijaa watu wakati wa mashindano ya raga ya Masaku Sevens, unapaswa kumjua kwa sababu nyingine: ndiye yule beki wa mwisho wa Wales, mwenye soksi zilizoteremka na ndevu za mashavuni, mmoja wa magwiji wa raga wa miaka ya 1970. Alichagua raga, iliyokuwa ya ridhaa, ili aendelee na udaktari. Ukitazama alivyojipanga chini ya mpira wa juu, miguu kwanza na mikono baadaye, unaona mtu aliyefunzwa kupiga mpira wa juu wa tenisi. Wengi hupokea mpira kwa mikono. Yeye alikuwa ameshafika.

Mwelsi mwingine, Mike Davies wa Swansea, aliyekuwa namba moja wa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950 na aliyefika fainali ya wawili wawili ya Wimbledon mwaka 1960 akiwa na Bobby Wilson, simtaji kwa voli zake. Namtaja kwa alichofanya baada ya kuiacha raketi. Akiwa msimamizi wa mzunguko wa kulipwa wa WCT huko Marekani, aliusukuma mchezo uingie kwenye televisheni: mavazi ya rangi, mipira ya rangi, viti vya kupumzikia wachezaji wakibadilishana upande, na seti zilizofungwa kwa taibreki ili mechi isikeshe. Mpira wa manjano uliingia kwenye sheria za kimataifa mwaka 1972. Wimbledon, kwa ukaidi wake, iling'ang'ania mweupe hadi 1986. Watazamaji wa televisheni ndio waliokusudiwa, lakini sisi wa udongo tulifaidi bila kualikwa, kwani mpira mweupe baada ya seti moja kwenye udongo wetu hauna tofauti na uwanja.

Matunda ya taibreki Kenya iliyaona tarehe 9 Julai 2022. Angella Okutoyi, aliyekulia Nairobi, na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walipoteza seti ya kwanza ya fainali ya wasichana Wimbledon 3-6 mbele ya Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko, wakachukua ya pili 6-4, wakamaliza kwa taibreki ya 11-9. Hakuna Mkenya aliyewahi kutwaa taji la Grand Slam kabla ya hapo, kwa vijana wala wakubwa. Mboko huyo ndiye aliyeshinda taji la Montreal mwaka 2025, kwa hiyo asiseme mtu kwamba walikutana na wanyonge.

Mtu atanipinga: kama udongo wetu unafunza mchezo wa Cox, imekuwaje binti wa Nairobi akashinda kwenye nyasi za Perry? Jibu ni kwamba nyasi zile hazipo. Tangu 2001 Wimbledon hupanda aina moja tu ya nyasi, ngumu na imara zaidi, na chini yake ardhi ni ngumu pia. Mpira unadunda juu kuliko zamani, na mchezaji anaweza kukaa mstari wa nyuma na kuishi. Dunia imesogea kuelekea alikokuwa Cox. Paul Wekesa, aliyefika nafasi ya 100 duniani mwaka 1995 na kushinda mataji matatu ya wawili wawili, aliishi katikati ya mabadiliko hayo, pale mbao zilipokuwa zimekwisha lakini nyasi za zamani bado zinatawala.

Kwa mchezaji wa Machakos, kwanza mshiko wa nyundo autunze kwa sevu na voli, lakini kwa mpira wa kulia ageuze kiganja kiende nyuma ya mpini, aweze kuupiga mpira wa kifuani. Nyuzi azikaze kilo moja au mbili zaidi ya anavyozoea mchezaji wa pwani, mpira usimtoroke. Sevu ya pili aizungushe iruke juu ya bega la mpinzani, kwa kuwa kimo chetu na udongo wetu vyote viwili vinaisukuma juu. Hapa ndipo tunapokuwa na silaha ambayo Cox mwenyewe, akicheza kando ya bahari, hakuwa nayo. Asisimame ndani ya mstari kama Perry. Arudi hatua mbili.

Na uwanja umwagiwe maji. Ukambani hilo si ombi dogo, na kilabu inayopanga kati ya tangi na udongo naielewa. Ila udongo uliokauka hugeuka vumbi juu ya sakafu ngumu: mpira unateleza, mguu unateleza zaidi, na mechi ndefu niliyoisifu hapo juu inakuwa mashindano ya nani ataanguka mwisho. Wanaokosa maji ya kila siku wamwagie jioni, jua likishashuka, halafu wapitishe roli asubuhi.