Mwili Unaobaki: Namna ya Kupima Anime ya Roho Zinazotoka

Sehemu moja ya mfululizo wa anime, yaani katuni za Kijapani, huchukua takriban dakika 24, muda ambao msafiri anayengoja ndege ya Nairobi, Entebbe au Addis Ababa katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba anaweza kuumaliza akiwa kitini bila kuhisi umepita. Jengo la abiria lililofunguliwa hapo mwaka 2018, baada ya miaka ambayo wasafiri walihudumiwa ndani ya mahema, linafaa kwa upimaji wa anime za roho zinazotoka mwilini kuliko sebule tulivu, kwa sababu matangazo ya safari na mazungumzo ya watu huufunika muziki, na muziki ndio unaoficha udhaifu wa mchoraji. Tukio la roho kuuacha mwili ambalo halieleweki sauti inapozimwa limeegemea vinanda tu, na mtazamaji makini ana haki ya kulishusha daraja papo hapo.

Wengi huisifu roho inaporuka, hali kuruka ndiko kazi rahisi kuliko zote. Zama za selo, yaani karatasi angavu za plastiki zilizopakwa rangi na kupigwa picha moja baada ya nyingine, roho ya kupenya mwanga ilipatikana kwa kuipiga filamu ileile mara mbili, mara moja pamoja na mchoro wa roho na mara moja bila huo. Siku hizi kompyuta hufanya hivyo kwa kupunguza ukolezi wa rangi. Kinachopaswa kutazamwa ni kile kilicholala chini.

Katika jambo hili Sudan Kusini, ambayo Juba ni mji wake mkuu, ina kipimo chake, cha zamani kuliko anime. Mwanaanthropolojia Edward Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu dini ya Wanuer, mojawapo ya jamii za nchi hiyo, alieleza kwamba kwao mtu ana nyama, ambayo ni mwili wenyewe, ana pumzi, ambayo ni uhai, na ana roho, ambayo hubeba akili na nafsi. Mauti yanapofika nyama huingia ardhini, pumzi hurudi kwa Mungu, na roho hujiunga na mizimu. Alisimulia pia habari ya mtu aliyesafiri akadhaniwa amekufa, akafanyiwa matanga na kuchinjiwa ng'ombe, kisha akarudi kijijini akiwa mzima wa afya, lakini watu wakashikilia kwamba roho yake ilikwisha kuondoka pamoja na ng'ombe yule na kwamba kilichosimama mbele yao ni nyama tupu. Mwandishi wa hadithi za kubuni angeona fahari kuipata njozi hiyo, na kila anime ya aina hii inapaswa kuulizwa swali linalotokana nayo: katika hivyo vitatu, ni kipi hasa kilichotoka, na kilichobaki kinaweza nini?

Jibu huonekana kwenye michoro kabla ya kusikika kwenye maneno. Filamu hupita kwa picha 24 kwa sekunde, lakini katika anime ya televisheni mchoro mmoja kwa kawaida hushikiliwa kwa picha mbili au tatu, hivyo sekunde huwa na michoro 12 au 8. Fundi mzuri hutumia uchache huo kwa makusudi: roho huipa michoro mingi ili iteleze, na mwili huupa michache ili uwe mzito. Bega litangulie kufika chini, kichwa kifuate kwa kuchelewa kidogo, mkono ubaki ulivyoanguka hata kama umekaa vibaya. Mwili uliokufa unaolala kwa adabu kama umetandikiwa ni dalili ya mchoraji aliyeogopa kuutazama.

Mifululizo miwili iliyoongozwa na Noriyuki Abe katika studio ya Pierrot inafaa kulinganishwa. Katika Yu Yu Hakusho, iliyoanza kurushwa mwaka 1992, kijana Yusuke hugongwa na gari akimwokoa mtoto, kisha huhudhuria msiba wake mwenyewe akielea juu ya waombolezaji. Uzito wote umewekwa kwa walio hai, katika mama asiyeweza kujizuia na katika hasimu anayefoka mbele ya maiti, na ndiyo maana sehemu hiyo bado haijachuja. Bleach, ya mwaka 2004, inajivunia sheria zilizo wazi: roho ya aliyekufa hubeba kifuani mnyororo, uliokuwa ukiiunganisha na mwili. Hata hivyo werevu wake mkubwa ni Kon, roho ya kutengenezwa inayopandishwa katika mwili wa mhusika mkuu, Ichigo, mwenyewe anapokuwa vitani, ikautembeza shuleni kwa tabia zisizo zake. Ucheshi huo unajibu swali la Wanuer vizuri kuliko huzuni nyingi za waigaji.

Roho inaporudi mwilini, kazi nyingi huharibika, kwa kuwa wasanifu huchoka wakaridhika na mtu anayefumbua macho kwa kuvuta pumzi moja na kukumbatiwa na kila mtu. Katika kazi bora kuna angalau mtu mmoja anayesita kumgusa aliyerudi, kwa sababu amekwisha kumlilia. Kwa hiyo msafiri ambaye safari yake imetangazwa na ambaye amebakiwa na dakika tatu tu kabla ya kupanga foleni, aruke mwanzo wote na kuitafuta sekunde hiyo ya kusita. Asipoiona, anaweza kuifuta sehemu hiyo kwenye simu.