Juma Bhalo na Urithi wa Shairi la Kimvita

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kumsoma Ahmad Nassir Juma Bhalo na kumsahau binamu yake, Mohamed Khamis Juma Bhalo (1942–2014). *Malenga wa Mvita*, diwani iliyotoka mwaka 1971 kwa uhariri wa Shihabuddin Chiraghdin, imepata nafasi yake katika uhakiki. Sauti iliyoyafikisha mashairi mengi ya malenga huyo huyo katika harusi za Mombasa, Bondeni na Mji wa Kale, huachiwa watu wa muziki. Mgawanyo huo una kasoro. Katika ukoo huu mmoja alitunga, mwingine akaimba, na aliyeketi kusikiliza alipokea kitu kimoja.

Shutuma inayorudiwa mno ni kwamba Bhalo aliiga nyimbo za filamu za Kihindi. Kwamba mahadhi yake mengi yalitoka huko ni kweli, na hapana haja ya kumtetea. Ila wanaoishia hapo hawajauliza maneno yaliingiaje katika mahadhi hayo. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, 8 kwa 8. Lahani ya Kihindi ina urefu wake yenyewe, wala haijui vina. Mwimbaji hana budi kuvuta irabu hapa, kurudia kipande pale, na kutafuta pahali pa kupumua pasipokata maana. Huo ndio usanii wa kupimwa kwake, na roho ambayo wapenzi wake huisikia katika sauti ile imo humo, katika irabu iliyovutwa mpaka kina kitue ndipo kinanda kijibu.

Halafu kuna lahaja. Mvita husema *mato*, si *macho*. Na *mato* hulingana kwa kina na *mapito*. Anayeinukuu beti yenye kina hicho kwa Kiswahili sanifu, ati kumrahisishia mwanafunzi, huwa ameivunja. (Kwa *ndia* na *njia* huenda hasara ikawa ndogo zaidi, kwani kina hakibadiliki.)

Mwimbaji akiuruka ubeti, au akaurudia mara tatu, ametoa hukumu juu ya shairi, na hukumu hiyo haimo katika diwani. Nakala ya wimbo wa Bhalo inayostahili kufundishwa ni ile inayoandikwa kutoka katika kanda, pamoja na marudio yake na matamshi yake ya Kimvita, kisha ikalinganishwa na maandishi ya binamu yake.