Alizimia dakika ngapi?

Abiria wa bodaboda aliyeangukia kichwa Nsemulwa, mkoani Katavi, mara nyingi hatafika hospitali kwa gari la wagonjwa. Atapakiwa mishikaki kwenye bodaboda nyingine: dereva mbele, majeruhi katikati, msamaria nyuma akimshikilia asidondoke. Wakishamkabidhi mapokezi, wawili hao hutoweka kabla polisi hawajafika na maswali yao. Wanaondoka na jibu ambalo hakuna mashine itakayolirudisha: alizimia kwa muda gani, na je, aliwahi kuzinduka?

Tuchukue mfano wa kutunga. Kijana ameanguka saa 2 usiku bila kofia ngumu. Amezimia kama dakika tano, akazinduka, akaomba maji, akasema yuko sawa. Saa 3 anatapika na kusinzia.

Daktari wa zamu haanzi na ubongo. Anaanza na njia ya hewa, pumzi na mzunguko wa damu, huku shingo ikizuiwa isitikisike, kwa sababu ubongo uliojeruhiwa hauvumilii kukosa oksijeni wala kipimo cha juu cha shinikizo la damu kushuka chini ya 90. Kisha anapima sukari na malaria. Mkoani Katavi mtu anaweza kuwa na malaria kali na jeraha la kichwa kwa pamoja. Harufu ya pombe nayo isimfanye mtu aseme "huyu amelewa tu, mwache alale."

Ndipo inakuja skeli ya Glasgow ya kupima fahamu, iliyotolewa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett. Macho yana alama 4, kauli 5, viungo 6. Jumla ni kati ya 3 na 15. Kuanzia 13 jeraha ni dogo, 9 hadi 12 ni la kati, 8 kushuka ni kubwa. Kosa ni kuandika jumla peke yake. Anayefumbua macho akiumizwa tu (2), anaguna (2) na kuupeleka mkono panapouma (5) ana 9. Mwenye macho wazi (4), asiyetoa sauti (1), anayekunja mkono akijitoa kwenye maumivu (4) naye ana 9. Hao ni wagonjwa wawili tofauti. Tena anayepima ahakikishe lugha: mzee aliyezoea Kipimbwe au Kisukuma, akiulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa lugha yake, hajachanganyikiwa.

Kuzinduka kisha kudidimia ndiyo dalili ya kutisha kuliko zote. Huenda mshipa ulio chini ya mfupa wa panja umepasuka, damu inajikusanya kati ya fuvu na utando wa ubongo. Mboni moja ikipanuka, muda unakwisha. Kinachohitajika ni CT scan na mpasuaji wa ubongo, na asipokuwepo, rufaa ya mbali: hospitali ya Bugando, ya Mbeya au taasisi ya mifupa ya MOI jijini Dar es Salaam. Kabla ya safari, kichwa kiinuliwe nyuzi 30. Aliye na alama 8 au chini awekewe mpira wa hewa, ikiwa yupo mwenye ujuzi. Dawa ya mannitoli ni kwa mwenye dalili za shinikizo kichwani, siyo kwa kila aliyegonga kichwa. Utafiti wa CRASH-3 wa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 12,000, ulionyesha kuwa dawa ya traneksami ikitolewa ndani ya saa 3 hupunguza vifo kwa wenye majeraha madogo na ya kati. Steroidi zisiguswe: utafiti wa CRASH wa mwaka 2004 ulionyesha zinaongeza vifo. Lakini hizo saa 3 zinahesabiwa tangu lini, kama aliyeona ajali ameshaondoka?

Sasa faili linafika kwa mtu wa kumbukumbu. Daktari akiandika "jeraha la kichwa," msimbo wa ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa, ni S09.9, usiosema lolote kuhusu ubongo. Akiandika mtikisiko wa ubongo ni S06.0, damu juu ya utando, S06.4. Paa la fuvu likiwa limevunjika, S02.0 hufuata nyuma ya S06, hautangulii. Chanzo nacho kina msimbo: abiria wa pikipiki iliyoanguka barabarani bila kugongana ni V28.5.

Muda wa kuzimia uko wapi? Karibu haupo. Toleo la Shirika la Afya Duniani lina S06.7 kwa kuzimia kwa muda mrefu, basi. Wamarekani wameongeza tarakimu kwenye toleo lao: dakika 30 au pungufu, 31 hadi 59, saa 1 hadi karibu 6, na kuendelea. Ukilisoma utadhani limebuniwa na wakala wa bima, lakini hapo wametushinda. Kwetu, muda usipoandikwa kwa maneno kwenye faili na kwenye PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, umepotea, na mahakama pia itaukosa.

Kwa hiyo, muuguzi wa mapokezi, kabla dereva hajawasha pikipiki, mwulize mambo matatu na uyaandike: ameanguka saa ngapi, amezimia kwa muda gani, amezinduka akaongea? Nawe dereva, subiri dakika mbili uyajibu.