Hongera, mafundi wa chukudu

Kwingine fundi hujisifu kwa kukamua mwendo kwenye injini ndogo. Mafundi wa Goma, mashariki mwa Kongo, hawakutia injini kabisa. Chukudu, kigari chao cha kusukuma, karibu chote ni mti: ubao mrefu wa kupakia, usukani mpana kama pembe za ng'ombe, magurudumu mawili yaliyovishwa mpira wa matairi yaliyochakaa. Breki? Kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, hukanyagwa kwa mguu. Chukudu hutelemka kutoka Kibumba hadi Goma na mamia ya kilo za makaa, viazi na kabichi, kwa kasi ambayo mimi singeithubutu. Na magurudumu yake yamechongwa kwa panga, yakatoka duara! Mwaka 2009 mwendeshaji alisimamishiwa sanamu ya rangi ya dhahabu mjini. Fundi bado anadai yake.