"Tujisahihishe" na Fundisho la Mbulu na Hanang

Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu cha Tujisahihishe mwaka 1962, miezi michache baada ya kuacha Uwaziri Mkuu ili akijenge Chama. Sisi tunaofundisha siasa tumekisoma pamoja na makada mara nyingi. Kwa kawaida darasa zima hukubali kila ukurasa, kisha kila mmoja huorodhesha makosa ya jirani yake. Kasoro hii si ya wasomaji peke yao, na inatupasa kukihakiki kijitabu chenyewe; maana baada ya ghasia na vifo vilivyofuata uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, neno umoja limo tena midomoni mwa wote.

Nguvu ya kijitabu ni kwamba hakiuchukulii umoja kuwa zawadi. Kinaonyesha kuwa umoja uliotuletea Uhuru unaweza kuliwa kutoka ndani na ubinafsi na ukaidi wa kutokiri kosa, na kwamba ukweli hauangalii cheo cha mtu. Hayo ni sahihi. Udhaifu wake ni kuweka uzito mkubwa mno juu ya tabia ya mtu mmoja mmoja. Hakielezi vya kutosha mwananchi afanye nini pale ambapo kosa ni la uamuzi wa vikao.

Tuchukue Mbulu, ambayo zamani ilikuwa wilaya moja na Hanang. Katika uchaguzi wa 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kilichobaki kilikuwa cha Mbulu: Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU, alisimama dhidi ya mgombea rasmi wa Chama, akashinda. Je, watu wa Mbulu waliupinga umoja wa taifa? La hasha. Walimkataa mgombea, hawakuukataa Uhuru. Kuanzia 1965, chini ya Chama kimoja, wagombea wawili walishindanishwa jimboni. Hata mawaziri waliangushwa, na nchi haikugawanyika. Mbulu ilipomchagua mbunge wa CHADEMA mwaka 2010, haikuhama Tanzania.

Hanang inatupa fundisho chungu zaidi. Kuanzia miaka ya 1970, Shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilipanua mashamba makubwa ya ngano kwenye nyanda za Basotu. Taifa lilihitaji mkate. Wabarbaig walihitaji malisho. Wananchi wa kijiji cha Mulbadaw walikwenda mahakamani mwaka 1981. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 1984, lakini Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu hiyo, kwa hoja kwamba halmashauri ya kijiji haikuthibitisha kuwa ilikuwa imegawiwa ardhi hiyo kisheria. Hapa hatuwezi kulaumu ubinafsi wa kiongozi fulani tu. Mpango wenyewe ulitengenezwa bila mfugaji kuwa na kiti kwenye kikao. Aliambiwa ajitolee kwa ajili ya taifa, na taifa halikumwuliza.

Wapo watakaosema kuwa kufukua mambo haya sasa ni kuwagawa wananchi. Sisi hatukubali. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mgawanyiko huanza pale mtu anapokosa mahali pa kusema akasikilizwa, na mtu wa namna hiyo hatulizwi kwa hotuba ya umoja, wala kwa kuitwa adui.

Kwa hiyo tunasema: Tujisahihishe kiendelee kufundishwa, lakini kiongezewe swali ambalo hakikulijibu: nani ana haki ya kutusahihisha, na kwa chombo gani? Kada anayekwenda Katesh au Haydom asianze kwa kuhubiri. Aitishe mkutano, asikilize hata wenye kadi za vyama vingine, aandike walichosema, na arudi na jibu hata kama jibu ni chungu. Matumaini yetu ya umoja yanaanzia kwenye safari hiyo ya pili, ya kurudi.